Barabara Isiyo na Lori ni Tuta la Reli

Wiki tatu zilizopita nilimaliza, kwa mara ya pili, safari ya baiskeli kutoka Pittsburgh hadi Cumberland hapa Marekani, kilomita 241 za njia ya changarawe ambayo magari hayaruhusiwi kupita, na nilipofika nikampigia simu mama yangu aliyeko Muheza ili kumtoa wasiwasi. Hakuuliza habari za mvua wala za wanyama wa porini. Aliuliza, "Mwanangu, siku nne zote hizo hukupishana na lori hata moja?" Nilipomjibu kwamba sikupishana nalo, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba basi hiyo si barabara.

Mama amesema kweli, maana njia hiyo, iitwayo Great Allegheny Passage, ni tuta la reli ambayo treni zake zilikwisha. Inatoka Pittsburgh kwa kufuata mto Monongahela, inaingia katika bonde la mto Youghiogheny, inaendelea na mto Casselman, kisha inavuka milima ya Allegheny na kuteremkia jimbo la Maryland. Wanaoandika kuhusu njia hii husifu misitu, na misitu yenyewe inastahili sifa, hasa mwezi Oktoba majani yanapogeuka rangi. Lakini mimi nashikilia kwamba ubora wake haumo katika misitu. Umo katika mwinuko. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza upesi, kwa hiyo treni haiwezi kupanda mlima kama lori linavyopanda, na wahandisi waliojenga reli hizi walilazimika kuufuata mto kila ulikokwenda, kukata vilima, kujaza mabonde, kutoboa mahandaki na kujenga madaraja marefu ili mwinuko usizidi nguvu za injini ya mvuke. Matokeo yake ni kwamba mtu anayetoka Pittsburgh hupanda chini ya mita 1 kwa kila mita 100 za safari, hadi anapofika kwenye mgawanyo wa maji, yaani mgongo wa mlima ambapo mito huelekea pande mbili tofauti, mita 729 juu ya usawa wa bahari, bila kuhisi mahali popote kwamba anapanda mlima. Baada ya hapo hubaki kilomita 38 hivi za kuteremka hadi Cumberland.

Mwinuko wa namna hiyo huwakaribisha watu ambao mchezo wa baiskeli, kama unavyotangazwa siku hizi, umewasahau. Karibu na kijiji cha Ohiopyle nilipitwa na bibi mmoja mwenye mvi, kikapu mbele, aliyenisalimu kwa upole bila kupunguza mwendo, na nakiri kwamba iliniuma kidogo. Niliwaona watoto wa miaka saba au minane wakiendesha peke yao mbele, huku wazazi wakiwafuata kwa mbali sana, umbali ambao mzazi yeyote mwenye akili hathubutu kumwachia mtoto penye magari.

Njia yenyewe imetandikwa mawe ya chokaa yaliyosagwa hadi yakawa kama unga wenye chembe, kisha yakashindiliwa. Yakiwa makavu hutoa mlio mdogo chini ya tairi, kama mtu anayetafuna bisi chumba cha pili, na hukuachia vumbi jeupe kwenye miguu na mnyororo. Tairi la upana wa milimita 40 linatosha, na hakuna haja ya baiskeli ya bei kubwa. Mahali ninapopapenda zaidi ni handaki la Big Savage, lenye urefu wa takriban kilomita 1. Ukilikaribia mchana wa joto, baridi hukufikia kabla ya giza: hewa nzito yenye harufu ya mawe mabichi inakutokea mdomoni mwa handaki, na hata kama umekuwa ukitokwa jasho tangu asubuhi utatamani koti. Ndani kuna taa, maji yanadondoka, na sauti yako inarudi imechelewa. Wakati wa baridi kali milango ya handaki hufungwa ili barafu isiharibu kuta. Ukitokea upande wa pili, miti inaachia ghafla na unaona mabonde ya Maryland yamepangana hadi macho yanapochoka.

Msomaji asidhani kwamba treni ziliondoka Jumatatu na baiskeli zikaja Jumanne. Katika sehemu ya milimani treni zilikoma mwaka 1975. Mwaka 1978 shirika la uhifadhi la magharibi mwa Pennsylvania lilinunua kipande cha njia hiyo kinachopita Ohiopyle, kabla hakijagawanyika, na kilomita 14 za kwanza zilifunguliwa mwaka 1986. Kipande cha mwisho, huko Pittsburgh, kilikamilika mwaka 2013. Ni miaka 27 ya kudai, kununua na kushawishi, shamba moja baada ya jingine, kwa sababu tuta la reli likikatwa katikati hata kwa mita 200 hugeuka vipande viwili vya ardhi visivyo na maana.

Marekani waliligundua hilo, na mwaka 1983 bunge lao likapitisha sheria inayoiruhusu kampuni ya reli inayotaka kuacha njia kuikabidhi kwa mtu atakayeitunza kwa ajili ya waenda kwa miguu na baiskeli, huku njia ikihesabiwa kwamba haijaachwa na treni ikiweza kurudi siku moja. Wenye mashamba ya jirani, ambao wengi walitarajia kurudishiwa ardhi, walilalamika, na sidhani kwamba walikosa haki. Mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo iliithibitisha sheria mwaka 1990, lakini ikakubali kwamba wanaweza kudai fidia. Hivyo ndivyo ilivyopasa: njia ibaki nzima, na mwenye hasara alipwe.

Baada ya Cumberland unaweza kuendelea kilomita 297 hadi Washington kando ya mfereji wa zamani, njia ambayo mwaka 1954 jaji William O. Douglas aliitembea kwa miguu kupinga mpango wa kujenga barabara ya magari juu yake. Mimi niliijaribu mara moja, baada ya mvua ya siku mbili, na matope yaliziba breki zangu hadi nikaibeba baiskeli begani. Sijarudi.

Nayaandika haya kwa sababu kwetu nako kuna tuta. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walijenga reli ndogo kutoka Tengeni hadi Sigi, chini ya misitu ya Amani katika Usambara ya Mashariki, ili kuteremsha magogo. Bonde la mto lipo, milima yenye misitu ipo, na nyumba ya mkuu wa stesheni ya Sigi imesimama hadi leo, ikiwapokea wageni wa hifadhi. Reli haipo. Marehemu babu yangu alipokwenda huko hakusema anakwenda Sigi, alisema anapita relini, ingawa hakukuwa na kipande cha chuma cha kujikwaa. Kwa maoni yangu, mtu mwenye mamlaka angepaswa kulipima tuta hilo na kuliandika mahali kabla halijamezwa lote na mashamba na nyumba, hata kama baiskeli ya kwanza itapita miaka 30 ijayo. Desemba ninakwenda nyumbani. Nimeshamwomba mama aniulizie kwa wazee wa Tengeni ni wapi hasa njia ilipokuwa ikiachana na reli ya Tanga, naye amenijibu kwamba ataniulizia, ila nisije na mambo ya kumpandisha milima.