Gari la zimamoto lililorudi kwa mwenyewe

Nianze kwa kukanusha: sikuiba midoli ya yatima.

Najua mmeshasikia. Usiku wa tarehe 25 Desemba nilimtumia shosti wangu voisi ya dakika saba nikiwa nalia, yeye akaisikiliza, akacheka, akairusha kwenye kundi letu la kikoba kabla sijamaliza kupenga kamasi. Kulipokucha, wanawake wote ninaowadai na wanaonidai walikuwa wanajua. Na njiani stori imeota mapembe. Kuna toleo limenifikia jana ambalo mimi niliruka ukuta wa kituo usiku. Jamani, na hii nyonga yangu? Nilikwenda saa nne asubuhi, nikasaini kitabu cha wageni, nikapewa na soda.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa kumi na moja wifi yangu alikuwa anasafisha nyumba. Ana mtoto mmoja tu, wa miaka sita, mwenye midoli kuliko duka. Akanikabidhi kiroba kimejaa hadi shingoni. "Wifi, pale njiani kwenu si kuna kituo cha watoto? Naomba unifikishie." Nikasema hewala wifi, Mungu akuzidishie. Nilipofika kwangu nikakifungua, kuangalia tu. (Hata nyie mngefungua. Acheni kuniangalia hivyo.)

Juu kabisa lilikuwa limelala gari la zimamoto. Jekundu, ngazi inapanda na kushuka, magurudumu yote manne yapo. Chini yake mdoli mwenye nywele hadi kiunoni, na kipiano kidogo.

Sasa, juzi yake tu nilikuwa nimetoka Kariakoo, Mtaa wa Kongo, kuulizia gari kama lile lile. Kijana akaniambia 35,000. Nikamwambia nina kumi. Akanitazama kwa huruma, akaniuliza kama asubuhi nilikunywa chai. Na mbele yangu naiona Januari imekaa mlangoni na miguu yake mirefu: ada, sare, madaftari, na mwenye nyumba ambaye haelewi lugha nyingine zaidi ya kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Bado nauli ya watu wanne kwenda Marangu na kurudi. Mimi ni mtu wa Tanga, kwetu sikukuu ni kuvuka barabara kwenda kwa shangazi, lakini nimeolewa na Mchaga, na Mchaga Desemba hazuiliki.

Nikapiga hesabu. Wanangu hawajawahi kuiona midoli ile, maana kwa shangazi yao huwa wanakaa sebuleni mikono mapajani. Kiroba kina vitu zaidi ya thelathini. Nikichomoa vitatu, kiroba kinajua? Nikachomoa vitatu. Vilivyobaki vyote vimefika, na soda nilikunywa.

Usiku, mume wangu kalala, nikaliosha lile gari kwa sabuni ya unga. Kwenye magurudumu kulikuwa na mchanga umeng'ang'ania, nikausugua kwa mswaki. Ukumbukeni huo mswaki. Juu nikalifuta likawaka. Uvunguni sikugusa. Nani anaosha uvungu? Hata vijana wa kuosha magari uvungu wanakutoza pembeni.

Mtoto wa wifi sikumsahau, mimi si mnyama. Nilirudi Kariakoo nikamnunulia gari la polisi jipya kabisa, 12,000, bei hiyo kwa kuwa boksi lake lilikuwa limepotea. Magari yote mawili nikayatia kwenye maboksi ya viatu vya shule vya wanangu, boksi moja pacha la mwenzake. Karatasi ya zawadi nikanunua ya aina moja, ukichukua nyingi unapunguziwa. Majina nikaandika kwa kalamu ya bluu juu ya karatasi yenyewe, maana vile vikadi vya kuning'iniza ni 500 kila kimoja. Mia tano! Kwa kadi inayochanwa!

Tarehe 23 alfajiri tupo stendi ya Magufuli. Konda akaniambia mzigo wa pili ni 5,000. Nikamwambia mzigo wa pili ndiyo upi, nikafungua begi langu la shangazi kaja palepale chini, nikashindilia zawadi chini, na juu yake nikaikalisha ndoo ya vibua vya Feri, na barafu yake, vya mama mkwe. Zipu ikafungika. Konda akashindwa. Nikapanda basi najisikia mwanamke wa maana.

Barafu ilianza kufa Chalinze. Kufika Korogwe ilikuwa marehemu. Kwenye lile jua la Same naamini vibua walikuwa wanaogelea.

Tulishukia Himo, tukapanda hadi Marangu, nikafungua begi usiku watu wamelala. Karatasi zilikuwa hazijachanika, namshukuru Mungu, ila majina yote yalikuwa yameyeyuka yakabaki mawingu ya bluu. Mdoli nilimjua kwa kumpapasa. Kipiano kililia chenyewe nilipokigusa. Yakabaki maboksi mawili ya viatu.

Nikatikisa la kwanza. Koh koh. Nikatikisa la pili. Koh koh. Kuyafungua siwezi, karatasi nyingine sina. Nikapata wazo: la zamani lina harufu ya sabuni ya unga. Nikanusa la kwanza, kibua. Nikanusa la pili, kibua. Mwenzenu nimepiga magoti gizani nanusa maboksi kama mbwa wa forodhani. Mwishowe nikasema hili. Nikaandika majina upya.

Tarehe 25, tumetoka kanisani, ukoo mzima uko uani kwenye migomba. Mbuzi kaiva. Babu ana kata yake ya mbege, pombe ya ndizi ya Kichaga. Wifi kasimama na simu anarekodi, maana wifi harusi, msiba, hata mvua anarekodi. Mtoto wake akaitwa wa kwanza.

Hapa naomba twende taratibu, maana mimi mwenyewe kila nikilala linajirudia taratibu.

Akachana karatasi. Akafunua boksi. Akanyamaza. Mimi nimeshaweka tabasamu usoni, lile la kupokelea shukrani. Akatoa gari, na nikaona wekundu. Ngazi. Tabasamu likabaki palepale, halikuwa na pa kwenda. Nikajiambia, magari mekundu ni mengi duniani. Mtoto akalishika kwa mikono miwili, akalizungusha, halafu jamani, halafu kwa utaratibu kabisa, kama fundi, akaligeuza uvungu juu.

Uvunguni palikuwa na maandishi ya maka peni nyeusi.

Mwanangu yeyote asije akaniambia shule haifundishi. Yule mtoto yuko darasa la kwanza, akaweka kidole, akaanza kusoma silabi moja moja kwa sauti ile ya darasani. Jina lake la kwanza. Likakamilika. Jina la baba yake. Kuku walikuwa wamenyamaza. Jina la ukoo wa baba yake, na ukoo wetu wote ulikuwa umekaa pale unasikiliza. Na chini yake, namba ya simu ya wifi, ambayo nayo aliisoma, tarakimu zote kumi, sifuri kwa sifuri.

"Mama! Gari langu limerudi!"

Wifi akashusha simu kidogo, akaipandisha tena. Hakuzima.

Mtoto akanigeukia mimi, macho meupe, hana ubaya wowote: "Anti, kwani wale watoto wasiokuwa na baba na mama wamelikataa?"

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akawatazama wanangu, waliokuwa wanasubiri zamu zao kwenye mkeka. Akafikiri. Nikaona kabisa anavyofikiri. Kisha akamgeukia mume wangu, aliyekuwa na ubavu wa mbuzi umefika nusu njia kuelekea mdomoni.

"Mjomba, kwani wewe umekufa?"

Ubavu ulianguka kwenye majani. Mbwa akauchukua, na hakuna aliyemfukuza.

Nikajitutumua. "Hapana mwanangu, yanafanana tu hayo, si unajua kiwandani yanatoka mengi..." Yanafanana mpaka namba ya simu ya mama yake. Hata Babu aliguna. Na hapo ndipo mwanangu mkubwa, niliyembeba miezi tisa, akaamua kunisaidia: "Mama, si ndilo lile ulilokuwa unaliosha usiku? Nilipoamka kukojoa? Ulikuwa unalisugua na mswaki wa baba."

Wa zamani! Ulikuwa mswaki wake wa ZAMANI. Nimesema mara mia, hakuna anayenisikiliza.

Yaliyofuata nayapitisha haraka. Shemeji walicheka mpaka mmoja akapaliwa na mbege. Mama mkwe akaingia jikoni, nikamsikia anacheka na sufuria. Babu akainuka, akaenda kwenye mpaka wa kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, akachuma jani, akalifunga fundo, akanipa: "Mpelekee wifi yako hili sale." Mimi na Utanga wangu nikasikia sare, nikadhani tunashonewa vitambaa. Kumbe kwa Wachaga ndilo jani la kuombea msamaha, na ukipelekewa hulikatai. Wifi akalipokea kwa mkono mmoja, wa pili bado unarekodi. Tumerudi Dar, nimekwenda kituoni na vitu vitatu vipya, 78,000, bila kuomba punguzo. Soda safari hii sikuinywa, haikupita.

Lile gari la polisi jipya alibaki nalo mwanangu. Gurudumu lilitoka siku ileile, mbege ya Babu haijafika nusu kata. La zimamoto linadunda mpaka leo.

Mume wangu hana kinyongo, anasema. Ila mswaki wake sasa anauweka ndani ya begi la kompyuta, na begi analifunga kwa namba.

Shosti, habari yenyewe ndiyo hiyo. Kafute ile voisi.