Asilimia mbili ya utafiti, na mwaka usiopimwa

Kila ifikapo Juni, bajeti ikisomwa, lawama huwa ile ile: Kenya haithamini utafiti. Anayelaumu hushika Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013, iliyotaka asilimia mbili ya pato la taifa itengewe utafiti kila mwaka. Kiwango hicho hatujawahi kukigusa. Mwaka 2010, kwa takwimu zilizochapishwa na UNESCO, tulikuwa kwenye asilimia 0.8 hivi.

Mimi ni mkaazi wa Mombasa na nina marafiki katika taasisi ya utafiti wa bahari kule Mkomani, kwa hivyo msomaji ajue mapema ninakoegemea. Hata hivyo Hazina ya Taifa nayo ina la kusema, na si dogo. Pato la taifa la 2023 lilikuwa kama shilingi trilioni 15. Asilimia mbili yake ni bilioni 300. Mwaka wa fedha wa 2023/24 kaunti zote 47, na hospitali zao na barabara zao, ziligawiwa bilioni 385.4. Waziri gani atasimama bungeni aombe kiasi kinachokaribia hicho kwa ajili ya maabara, huku deni likidai na madarasa yakivuja? Na anayesema fedha za utafiti huishia kwenye semina za hotelini na marupurupu hasingizii tu. Baadhi yetu chai hizo tumezinywa.

Lakini hiyo asilimia yenyewe ina vituko vyake. Septemba 2014 serikali ilikokotoa upya pato la taifa, likapanda kwa asilimia 25 kwa tangazo moja. Hakuna kiwanda kilichofunguliwa usiku ule. Ni shughuli zilizokuwapo tayari, ila hazikuwa zikihesabiwa vizuri. Sasa piga hesabu. Nchi iliyokuwa kwenye 0.8, pato lake likivimba kwa robo, hujikuta kwenye 0.64, na hakuna maabara iliyopokonywa hata shilingi. Upande wa pili, lengo la sheria, ambayo haikuwa imetimiza miaka miwili, likakua kwa robo bila mbunge kuinua mkono. Kipimo cha namna hii kinaweza kukuonyesha unarudi nyuma nawe umesimama pale pale. Halafu hakisemi kabisa nani aliyelipa.

Na hapo ndipo panaponiuma. Katika kila shilingi iliyotumiwa kwa utafiti nchini mwaka ule wa 2010, karibu senti 47 zilitoka nje. Serikali ilitoa kama robo. Makampuni hayakufikisha senti tano. Wanaopenda kututajia Korea Kusini, ambayo sasa hutumia kama asilimia tano ya pato lake, husahau kwamba kule kama robo tatu ya fedha hizo hutoka kwa makampuni. Wakimaliza kuisuta Hazina, wapitie viwanda vya Shimanzi na Changamwe, hapa Mombasa, pia.

Fedha ya mfadhili huja na tarehe yake ya kwisha. Bahari haina tarehe hiyo. Mvuvi mmoja mzee wa Likoni aliwahi kuniambia juu ya watafiti, "Mwanangu, hawa kila mwaka waja na mizani yao, na samaki wazidi kupungua." Nilimjibu kwamba ni mizani hiyo itakayomsaidia siku ya kuwathibitishia wakubwa kuwa wamepungua. Hakuridhika, na simlaumu. Ila nahodha hatii bildi, ile kamba ya kupimia kina, mara moja langoni akasema kina anakijua. Huitia njia nzima. Mwaka 1998 maji yalipopata joto la El Niño, matumbawe yetu yakapauka na mengi yakafa. Hasara ile ilijulikana kwa kiwango kwa sababu walikuwapo watu waliozamia na kupima miamba hiyo tangu miaka ya 1980, katika miaka ambayo hapakutokea lolote la kutangazwa. Jengo lililokosa fedha mwaka huu utalijenga mwakani. Mwaka ambao haukupimwa haununuliki tena kwa bei yoyote.

Gazi, kule Kwale, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wamekuwa wakiuza hewa ya kaboni ya mikoko tangu 2013, yaani hulipwa kwa kaboni ambayo mikoko wanayoitunza inaihifadhi, na mapato yameleta maji na vitabu vya shule. Bidhaa yao hasa ni namba: kaboni kiasi gani imo katika miti na katika tope. Namba hizo zilitokana na kazi ya miaka mingi iliyotangulia, ambayo kwa jicho la mkaguzi ilikuwa watu wakichafuka matope tu.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tafiti nyingi zilizoitegemea zilikatika katikati, na huko Afrika Kusini hata majaribio ya chanjo ya UKIMWI yakasimama. Kwa hiyo mimi ningeiacha ile asilimia mbili ilale kwenye sheria, nidai kitu kidogo zaidi: kifungu cha bajeti kisichokatwa katikati ya mwaka, cha kulipa wapimaji na vifaa vyao, hata mfadhili akiondoka. Marafiki zangu wa Mkomani wananionya kwamba ukiomba haba utapewa haba milele. Huenda wamesema kweli. Lakini wamedai kingi tangu 2013, na meli yao ya utafiti, RV Mtafiti, ni zawadi ya Ubelgiji. Meli ya kupewa nayo yataka mafuta, mabaharia na ukarabati kila mwaka. Gharama hiyo ni mstari mmoja wa bajeti, waziri anaweza kuusoma bila kuvuta pumzi.