Tuonyesheni miti iliyopona

Kila msimu wa mvua, mashirika ya mazingira hapa Iringa, Njombe na Mbeya hutangaza idadi ya miche iliyopandwa. Mgeni rasmi anapanda wa kwake, picha zinapigwa, ripoti inakwenda kwa mfadhili. Kwangu mimi idadi hiyo si kitu mpaka mche uvuke viangazi viwili.

Kinachoua miche kwanza ni kalenda. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kukatika kati ya Aprili na Mei, ilhali maadhimisho mengi ya upandaji huwekwa Machi au Aprili. Mche wa Aprili hupata wiki chache tu za unyevu, halafu unakutana na baridi ya Juni na kiangazi kirefu. Upandwe Desemba, au Januari mapema, udongo ukishalowa vizuri.

Halafu kuna kiriba, yaani mfuko wa nailoni unaooteshewa mche. Umati ukipanda kwa haraka, wengine hufukia mche na nailoni yake. Mizizi inajizungusha humo; mwaka wa kwanza mti unaonekana mzima, baadaye unadumaa au unaangushwa na upepo. Kiriba kichanwe chote, mizizi iliyojikunja chini ikatwe kwa kisu kikali. Shimo la sentimita 45 kwa 45 linatosha, na udongo wa juu ndio utangulie kurudi. Baada ya hapo ni palizi ya duara la mita 1 na barabara ya moto, yaani ukanda uliofyekwa wa kuzuia moto, kabla nyasi hazijakauka. Palizi haina mgeni rasmi, ndiyo maana mara nyingi haimo kwenye bajeti.

Kwenye vyanzo vya maji, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60, lakini mikaratusi bado imejaa mabondeni. Kuikata tu hakutoshi, kisiki kinachipua tena. Machipukizi yaondolewe kila yanapotokea, huku miti ya asili kama mivengi na mikuyu ikishika nafasi. Na mwenye shamba apewe miche ya parachichi ya kupanda juu mlimani, la sivyo ataotesha mikaratusi ileile.

Ila tusidanganyane: mto Ruaha Mkuu, ambao tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hauponi kwa miche peke yake. Maji yake mengi huchepushwa huko juu, bonde la Usangu, kwenye mashamba ya mpunga, na mifereji huendelea kuyavuta hata baada ya mavuno. Yakipungua huko, yanapungua kwenye mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, na hatimaye kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, baharini kabisa. Shirika linalokaa na jumuiya ya watumia maji, likasaidia kutengeneza lango lililooza la banio, yaani kizuizi cha mtoni kinachoingiza maji mferejini, kupanga zamu na kuhakikisha lango linafungwa mpunga ukishavunwa, mimi nalipatia alama nyingi kuliko lenye miche milioni. Fedha za mwaka wa tatu wa mradi ziende huko, pamoja na posho ya mlinzi wa banio, maana yeye ndiye anayegombana na wakulima saa nane za usiku.