Dirisha la Choo Liliingia

Kwanza tusahihishe habari. Ile sauti inayozunguka WhatsApp, ya jamaa yangu (anajijua, na elfu tano yangu hajarudisha), akisimulia madirisha niliyopima Goba, ina uongo mmoja tu: hakuna dirisha lililomwangukia mama mwenye nyumba. Mengine yote ni kweli, hata lile la choo. Bora niwaeleze mwenyewe.

Mnajua tangu mwezi wa tatu najifunza upimaji na ukaguzi wa majengo. Mnajua kwa sababu sijawaacha mpumue. Nikija kwako nagonga lipu kwa kifundo cha kidole nisikie kama imeachana na ukuta, nakuambia ufa huu wa mshazari kwenye kona ya dirisha si wa kupaka rangi tu. Shemeji siku hizi ananipokelea nje, chini ya mwembe.

Sasa, somo la mwanzo kabisa ni tepu ya kupimia. Kile kichuma cha mbele kinachochezacheza hakijaharibika. Kimeachiwa kicheze kiasi cha unene wake, ili ukikinasisha kwenye ukingo au ukikisukuma ukutani, kipimo kibaki kilekile. Kikipinda, kinakudanganya. Dawa yake: anzia kwenye alama ya sentimita 10, ukimaliza toa 10. Tepu yangu ilianguka kutoka ghorofa ya pili, kichuma kikapinda. Nikawa naanzia 10.

Naona wajanja mmeshaanza kucheka. Tulieni, sijafika.

Kazi ilikuwa Goba, kwa mama mmoja mwalimu mstaafu, madirisha 11 ya alumini. Bosi akanituma peke yangu kwa mara ya kwanza. Nikapima upana juu, katikati na chini, nikachukua ulio mdogo, kama nilivyofundishwa. Sebuleni nikapima na mishazari, kona hadi kona: 222 na 222. Zimelingana, tundu liko mraba! Nikajipiga picha na daftari. Mlioihifadhi ile picha, Mungu anawaona.

Jumamosi kirikuu ikaleta mzigo.

Mama kafika na kreti ya soda. Mafundi wawili wanaliinua dirisha la sebuleni, wanalisogeza, linagusa ukuta. Kimya. "Inamisha kidogo." Wanainamisha. Linagusa. Wanalivuta nyuma, wanaanza upya, limegoma kama ng'ombe anayekataa kupanda lori. Na mimi hapo, mikono kiunoni, saiti nzima ni mimi pekee niliyevaa kofia ngumu, nikatamka kwa sauti ya kitaalamu: "Lipu imezidi unene."

Aliyepiga lipu ni mzee mmoja aliyeanza kazi hiyo kabla sijazaliwa. Alikuwa amekaa juu ya ndoo, anakunywa. Hakunijibu. Aliiweka soda chini taratibu, akatoa tepu yake iliyofutika namba nusu, akapima tundu. "Mia hamsini." Akapima dirisha. "Mia hamsini na tisa." (Fundi alumini hupunguza sentimita moja ili fremu ipate pa kupumulia. Kwa hiyo mfanye hesabu wenyewe.) Akaenda la pili: limezidi tisa. La tatu: tisa. Kila akitaja tisa, shingo yangu inaingia ndani ya shati. Kufika la tano vijana wote wanaitikia naye kama darasa la kwanza: "Tisaaa!" Mama naye, ualimu haujamtoka, anaongoza kwa kidole.

Bosi akanyoosha mkono bila neno. Nikampa daftari. Ukurasa wa kwanza, mwandiko wangu, herufi kubwa, mistari miwili chini: ANZIA KUMI, TOA KUMI. Akausoma kwa sauti, watu wote wasikie. Akafunua zilizofuata, moja baada ya nyingine.

"Kijana, hizi kumi ulizitoa wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, mzee wa lipu akajibu: "Kazitoa sadaka."

Jamani. Mtu alidondosha chupa.

Bosi akaongeza chumvi kwa kikokotoo: mraba wa 160, kama nilivyoandika, mshazari wake ni 226, siyo 222, kwa hiyo namba zangu zenyewe zilikuwa zinanipigia kelele tangu siku ya kwanza. Likabaki dirisha la choo. Pale nilipima nikiwa juu ya ndoo, mkono mmoja umeshika ukuta, kwa woga nikasahau hata hiyo kumi, nikaanzia mwanzo wa tepu kama mtu wa kawaida. Likaingia mara moja. Nikapigiwa makofi.

Basi, madirisha kumi yakarudi karakana, yakapunguzwa, vioo vikakatwa upya, bora yalizidi kuliko yangepungua, posho yangu ya mwezi imekwenda hukohuko, na saiti sasa jina langu ni Sadaka.

Jana mama kanipigia. Nikamwamkia, nikamwomba radhi tena. Akasema yamekwisha mwanangu, sasa anataka kushona mapazia. Nikamwambia nakuja kupima hata sasa hivi, bure.

"Hapana, baba. Naomba tu namba ya yule mzee wa lipu."