Mungu ni Maharage

Ofisini kwetu, enzi hizo za mwaka 2003, ulihitaji paswedi tatu kabla hujanywa chai. Ya kwanza ya Windows, ili kompyuta ikukubali asubuhi na uone mafaili ya idara. Ya pili ya NetWare, seva (kompyuta kuu ya ofisi) kongwe iliyoshika printa pamoja na nyaraka ambazo hakuna aliyethubutu kuzihamisha. Ya tatu ya Linux, kwa ajili ya barua pepe. Kila moja inaisha muda kwa wakati wake, na kila moja ina masharti yake. Ukigeuza kibodi yoyote pale uhasibu unakuta karatasi yenye paswedi zote tatu, na za jirani pia, kwa dharura. Dereva wetu alikuwa ameziandika nyuma ya daftari la safari za gari.

Aliyechoka wa kwanza ni Mkurugenzi. Akaunti yake ilijifunga siku ambayo wafadhili wamekaa mbele yake wanasubiri ripoti itoke kwenye printa. Walipoondoka akaniita.

"Kijana, nataka paswedi moja. Ikibadilishwa huku, ibadilike kote. Na isiwe fupi."

Rahisi kusema. Watu wengi hudhani seva ina daftari la paswedi za watu, kwa hiyo kazi ni kunakili tu kutoka daftari hili kwenda lile. Hakuna daftari. Seva haiweki paswedi yenyewe. Inaipitisha kwenye hesabu isiyorudi nyuma, inabaki na jibu. Kesho ukiandika paswedi yako inapiga hesabu ileile na kulinganisha majibu. Sasa kila mfumo una hesabu yake, na jibu la Windows kwa Linux ni takataka. Nafasi pekee ya kuipata paswedi ikiwa nzima ni pale mtu anapoibadilisha. Tukatafuta kiprogramu cha kukaa kwenye seva ya Windows, kazi yake kuidaka paswedi mpya sekunde ileile na kuwapelekea wale wengine wawili, nao wapige hesabu zao.

Tatizo, seva zetu zilikuwa kama wazee watatu barazani, kila mmoja na masikio yake. Windows anasikia kila kitu, mpaka tofauti ya herufi kubwa na ndogo. NetWare, kubwa na ndogo kwake ni mamoja. Na huyu Linux wetu, tuliyemrithi na mipangilio yake ya kizamani ya DES, ndiyo hesabu yake ya paswedi, anasikiliza herufi 8 za kwanza, kisha analala. Ya tisa na kuendelea unajiimbia mwenyewe. Wala hakuambii. Anaitikia tu kwamba amekuelewa. Miaka yote hilo halikumsumbua mtu, maana paswedi za barua pepe zilikuwa fupi.

Tangazo likabandikwa: ifikapo Jumatatu kila mtu awe amebadilisha paswedi, isipungue herufi 12. Uhasibu wakalia kama wamepunguziwa mshahara. Kumi na mbili! Nani ana kumbukumbu hiyo?

Aliyewaokoa ni Mama Neema, keshia wetu, mwimbaji wa kwaya, mtu ambaye hata akinong'ona unamsikia ukiwa stoo.

"Jamani, si tumtukuze Mungu tu! Mungu ni mwema, bila nafasi." Akahesabu kwa vidole, akaazima viwili vya karani. "Kumi na mbili kamili! Mnaona?"

Idara nzima ikaokoka. Mama Neema akabaki na mungunimwema. Mzee, mhasibu mkuu wetu, akachukua mungunimkubwa. Karani wa stoo mungunimlinzi. Dada wa mapokezi, aliyekuwa akiuguliwa nyumbani, mungunimponyaji. Nazijua kwa sababu zilitangazwa kwa sauti ili pasiwe na mgongano. Dereva peke yake aliandika alhamdulillah, na ndiyo maana hatumwoni tena kwenye kisa hiki.

Mkurugenzi alifurahi. Paswedi moja, milango mitatu. Karatasi zikatoka chini ya kibodi.

Majina ya kuingilia kwenye barua pepe yalifuata vyeo: Mzee ni uhasibu1, Mama Neema uhasibu2. Na kibodi ya Mama Neema iliwahi kumwagikiwa soda, kitufe cha 2 kilikuwa kinahitaji kubembelezwa. Asubuhi moja, haraka haraka, kidole kikaangukia 1. Hakuona. Akaandika mungunimwema, akaingia, akakuta barua mpya:

"Mpendwa, kamati ya maandalizi ya harusi ya kijana wetu inakushukuru kwa ahadi yako ya shilingi 300,000. Tunaomba ukamilishe kabla ya kikao cha Jumapili."

Mama Neema akashika kifua. Laki tatu! Nani amemwahidia? Harusi ya nani? Alijua utapeli umeingia mjini, ila hakujua umeshafika kwenye kompyuta. Akavuta kiti, akajibu kwa wanakamati wote kwa mpigo:

"Ndugu zangu, mimi sijaahidi laki tatu popote. Nitaitoa wapi? Mshahara wenyewe unaishia kwa Mangi. Nauli ya kesho nakopa. Naomba msinitie aibu mtu mzima. Mungu awabariki."

Kompyuta, kwa adabu zake, ikaongeza chini jina kamili la Mzee na cheo chake: Mhasibu Mkuu.

Kesho yake Mzee aliingia chumbani kwangu hajavua hata kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Funga mlango." Nikafunga. "Nani amesema mimi sina nauli?"

Harusi ilikuwa ya mtoto wa shemeji yake. Barua ilikuwa imesomwa na kamati nzima, na kabla ya saa mbili usiku shemeji mwenyewe amefika nyumbani na kiroba cha unga na sukari, anamshika Mzee mkono kwa huruma, anamuuliza kwa sauti ya chini kama ana madeni. Mkewe naye alitaka kujua mshahara unaishia kwa Mangi yupi.

Nikafungua faili la paswedi kwenye Linux. Halikunisaidia. Kila mtu ana mstari wake wa herufi 13, na yote haifanani, kwa sababu herufi 2 za mwanzo seva huzichagua ovyo na kuzichanganya kwenye hesabu, makusudi, ili hata paswedi zinazofanana zisionekane zinafanana. Kumbukumbu za seva ndizo zilizosema: uhasibu1 aliingia kutoka kwenye kompyuta ya Mama Neema.

Tukaenda wawili.

"Mama, jana ulifungua barua pepe ya Mzee?"

"Mimi? Mwanangu, nimefungua yangu, kwa paswedi yangu! Na nina kesi na nyie, kuna matapeli wanaingia humo."

"Hebu ingia tena nione."

Akaingia. Kitufe cha 2 kikagoma, akabonyeza 1 bila kutazama. Paswedi. Ingiza. Sanduku la Mzee likafunguka, Mzee akiwa amesimama nyuma yake analisoma.

Hapo ndipo nikahesabu kichwani. M, u, n, g, u, n, i, m. Nane. Mwema, mkubwa, mlinzi, mponyaji, Linux hakuwahi kuwasikia. Kwake idara nzima ilikuwa na paswedi moja: mungunim. Ili wote waamini nikavuta kibodi, nikaandika uhasibu1, halafu taratibu, wakinitazama: mungunimaharage.

Ikafunguka.

"Ushindwe kwa jina la Yesu!" Mama Neema akaruka kitini.

Nikajaribu kuwaeleza habari za DES, lakini hakuna aliyekuwa ananisikiliza, maana Mama Neema alikuwa naye anapiga hesabu yake. Alimgeukia Mzee polepole.

"Kwa hiyo ile laki tatu ni yako, Mzee?"

Mzee akawa anaangalia feni.

"Kwenye sendofu ya Neema ulinipa elfu kumi. Ukaniambia ada za watoto. Ukaniambia hapa hapa, umesimama hapo hapo ulipo."

Karani wa stoo aliyekuja kuchukua stepla akaamua kubaki.

Dawa yenyewe haikuwa ngumu. Enzi hizo Linux uliweza kumwambia aache DES atumie MD5, hesabu nyingine, naye akasikiliza paswedi nzima. Ila haigusi zilizokwishahifadhiwa. Lazima kila mtu abadilishe upya, na Mkurugenzi, aliyekuwa ameshawasimulia wafadhili mafanikio yake ya paswedi moja, hakutaka kusikia tangazo jingine hivi karibuni. Nikaambiwa nisubiri.

Nikiwa nasubiri, Mzee akaja tena. Safari hii kofia ameishika mkononi, na mlango akaufunga mwenyewe. Kamati ilikuwa imemwandikia: hawakujua hali yake, wanaomba radhi, atoe 50,000 tu, na akishindwa wataelewa.

"Kijana, hiyo hitilafu unaitoa lini?"

"Nikipata kibali tu, mzee. Labda wiki ijayo."

"Usijisumbue sana." Akakohoa. "Kuna kamati nyingine, ya Kibaha. Wameniandikia jana." Akachungulia dirishani upande wa meza ya Mama Neema. "Mwambie iko juu kabisa. Sijaifungua."