Flaski haina kosa

Juzi mwanangu alirudi na flaski nzito vilevile ilivyotoka asubuhi. Kuifungua, tambi zimeshikana bonge moja, zimefinyangwa kwa umbo la flaski, baridi kama sakafu. "Mama, nilikula biskuti za rafiki yangu." Kwenye daftari, ujumbe wa mwalimu: mzazi, tafadhali nunua flaski nzuri.

Nzuri! Chakula chake yeye kinapashwa kwenye maikrowevu ya chumba cha walimu.

Na kundi letu la wazazi WhatsApp likawaka: picha za flaski za elfu nne, kila mtu na yake. Haya, nakubali kwa shingo upande, ya chuma yenye kuta mbili inaishinda ya plastiki. Lakini jamani, flaski haipiki. Haina jiko ndani. Inatunza joto uliloipa, basi. Ukiipa vuguvugu saa kumi na moja alfajiri, saa sita na nusu unategemea nini?

Nilikuwa mkosaji mwenyewe. Tambi nazipika usiku, asubuhi nazipasha nusunusu huku nasaka soksi, kisha nazitia kwenye chuma kilicholala baridi kabatini. Chuma kikala joto, mtoto akakosa. Siku hizi naanza na maji yanayotokota ndani ya flaski, nafunika, dakika kumi (soksi zinapatikana ndani ya muda huo), namwaga, kisha natia tambi za asubuhi hiyohiyo zikifuka mvuke, hadi juu kabisa. Mchuzi nazidisha, maana tambi huendelea kuunywa tangu msongamano wa Jogoo Road hapa Nairobi hadi kengele ya chakula. Ndiyo maana naziepua zikiwa na kiini kigumu kidogo. Dakika za kwenye pakiti sizifuati: aliyeziandika hakupikia mita 1,795 juu ya bahari, ambako maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Nauma uzi mmoja, najua.

Jirani yangu wa Mombasa ananicheka. Kwao tambi ni za nazi, sukari na iliki, hata zikipoa zinalika. Nilijaribu. Mtoto akasema hiyo ni chai.

Ingekuwa ni ladha tu, ningenyamaza. Lakini tambi zikishinda vuguvugu, chini ya nyuzi 60, kwa muda wa zaidi ya saa saba, bakteria wanafanya harusi. Yupo mmoja, Bacillus cereus, mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, na sumu anayoiacha ya kutapisha haiondoki hata ukipasha upya. Kwa hiyo hata ile maikrowevu ya walimu, ambayo nimeilalamikia hapo juu na bado naililia, isingeokoa lile bonge. Na tumbo lenyewe ni la mtoto wa miaka sita.

Leo flaski, ileile ya zamani, imerudi tupu. Kijiko ndicho kimepotea.