Mcha mwana kulia: nani hasa anayeogopa kilio?

Mjadala wa viboko ukipamba moto, hakosi mtu wa kutoa "mcha mwana kulia hulia yeye", na wengine hunyamaza kana kwamba wahenga wameshaidhinisha fimbo. Lakini fimbo haimo humo. Anayesemwa ni mzazi: yule ambaye kilio cha mwanawe kinamtisha hadi amwachie afanye atakavyo.

Wanaoishikilia methali hii wana hoja nzito. Panda daladala ya Mbagala jioni. Mtoto wa miaka mitatu analilia simu, mama anamnyima, abiria wanageuka kutazama, konda anaguna. Kabla ya kituo kinachofuata simu iko mkononi mwa mtoto, katuni inacheza. Mtoto keshajua kilio kinalipa, na kesho ataanza mapema zaidi. "Samaki mkunje angali mbichi" inaongeza suala la wakati: anayeanza kumwekea mtoto mipaka akiwa na miaka 15 ana shughuli pevu.

Upande wa pili wanajibu kwa methali vilevile: "mtoto akililia wembe, mpe." Akikatwa, atajua. Ukizitazama juu juu, hizi mbili zinagombana. Ila anayetoa wembe anajua utakata, na hatoi ili anyamazishe mtu. Mama wa daladala anatoa simu ili apumue. (Wembe nao una mpaka: mtoto akitumbukia kisimani, hakuna somo la pili.)

Sasa msikilize mzazi mwenye kiboko: "Nyamaza! Nikisikia sauti tena nakuongeza." Anampiga mtoto, kisha anampiga tena kwa sababu analia. Kwa macho yangu, huyu naye anaogopa kilio sawasawa na yule aliyetoa simu. Kila mmoja anataka kelele iishe sasa hivi. Kumkatalia mtoto kitu, kisha ukakaa naye alie mpaka achoke bila kumpa wala kumchapa, ndiko kugumu.

Sheria zetu nazo zimegawanyika. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na Ibara ya 29 ya Katiba ya 2010 inamkinga kila mtu na adhabu ya viboko. Tanzania Bara, kanuni za shule bado zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mwalimu mkuu na kwa kumbukumbu ya maandishi, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza ukatili lakini inamwachia mzazi kumrudi mtoto kwa kiasi, kulingana na umri na hali yake. Kiasi hicho hupimwa na mtu ambaye saa hiyo ana hasira.

Kuna nyingine siipendi: "asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu." Baba yuko wapi? "Mkono mmoja haulei mwana" iko karibu zaidi na maisha. Mcha mwana ilisemwa kwenye nyua zenye bibi, shangazi na majirani; mama akizidiwa, mwingine alimbeba mtoto. Mama wa chumba kimoja cha kupanga, aliyeamka saa 10 usiku kukaanga vitumbua, hana wa kumpokea. Tunamdai peke yake uvumilivu ambao zamani ua mzima uliuchangia.